Pacha wa Jiwe la Wifi

Wivu wa Bi Sindano haukuwa wa kununa na kulia chooni. Ulikuwa wivu mchapakazi: uliamka naye, ukachana nywele, ukamtangulia kufika maabara.

Jina la Sindano alilipata kazini. Alikaa kwenye hadubini akibandua jiwe punje kwa punje kwa ncha ya sindano, mpaka mdudu aliyekufa kabla ua la kwanza halijachanua duniani atoe mguu, kisha bawa. Ndiye aliyemtafutia wifi yake, mdogo wa mumewe, kazi hiyohiyo. Ndiye aliyemfundisha kushusha pumzi kabla ya kugusa jiwe. Na sasa Profesa, mkuu wa maabara, amempa wifi jiwe zuri kuliko yote yaliyowahi kuingia mle: mdudu mwenye mabawa manne yaliyotandazwa, kila mshipa wazi.

"Wifi yako ana mkono mwepesi," Profesa alisema.

"Mwepesi, ndiyo. Hata vikombe vyangu anavivunja kwa wepesi huohuo."

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama mkwe alimsimulia kila aliyepita mlangoni kwamba binti yake amekabidhiwa mdudu, utadhani amekabidhiwa ikulu.

"Na mimi je, mama?"

"Wewe si umeshazoea, mwanangu."

Sasa, jiwe la aina ile likipasuliwa, mdudu naye hugawanyika, huku kidogo na huku kidogo. Kila kipande ni pacha wa mwenzake, na sheria ya maabara ilikuwa kwamba mapacha hawalazwi droo tofauti. Aliyelipasua jiwe lile ni Bi Sindano mwenyewe. Kipande chenye mabawa kilishangiliwa, kikaenda zake kwa wifi. Cha pili kilionekana kitupu, hakuna aliyekiulizia, naye kwa hasira akakitia kwenye droo yake, chini ya pakiti ya biskuti.

Saa za chakula, wenzake wakishatoka, alikuwa akikichokonoa. Chini ya utando wa tope lililoganda akakuta kichwa. Na kwenye kichwa, mrija mwembamba kama unywele wa mtoto, wa kunyonyea utamu wa mimea isiyojua maua.

Nusura apige vigelegele. Maana wifi alikuwa ameanza kunong'ona kwamba mdudu wake hana mdomo. Huenda alipokomaa hakula kitu, aliruka, akapandana na mwenzake, akafa. Na Ijumaa wageni walikuwa wanakuja kumsikiliza.

Mpango ukajipanga wenyewe. Amwache wifi atangaze mbele ya watu kwamba mdudu hana mdomo, kisha yeye ainuke taratibu: "Samahani jamani, mdomo huu hapa." Aliyafanyia maneno hayo mazoezi mbele ya kioo, mara kwa upole, mara kwa huruma ya uongo. Ile ya huruma ilimpendeza zaidi.

Ijumaa asubuhi wifi akamjia. "Wifi, hebu niangalizie hapa kichwani. Nahisi kuna kitu sikioni."

Bi Sindano akainama. Akaona pale mrija ulipobanduka, kovu jembamba kwenye jiwe.

"Pako sawa," akasema.  Uongo ule akausukuma kwa maji.

Wageni wakakaa. Wifi akaonyesha mabawa, watu wakaguna kwa raha. Bi Sindano alikuwa amekishika kipande chake mfukoni mwa koti mpaka kikapata joto.

"Kuhusu mdomo," wifi akasema, "hauonekani. Ila sisemi hana. Wifi yangu yule pale, aliyenifundisha kazi, huniambia: kama pacha hujamwona, usimsemee. Pacha wa jiwe hili sijampata. Nimemtafuta mpaka kwenye kifusi."

Watu wakageuka kumtazama Bi Sindano, wote wakitabasamu. Sentensi ya kioo haikuwa na pa kukaa tena. Angeweza kunyamaza, ndiyo, wifi achekeche kifusi mpaka azeeke, na mdudu abaki na njaa milele.

Aliinuka. "Hayumo kwenye kifusi. Yuko kwangu."

Kipande kikawekwa chini ya hadubini, picha ikatokea ukutani: mrija wote, mpaka nchani. Profesa akasahau wageni. "Kumbe alikuwa akinyonya! Maua hayajazaliwa, yeye ana mrija tayari!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Wifi peke yake hakupiga. Alimsogelea sikioni. "Unacho tangu lini?"

"Tangu ulipopewa wewe."

"Na asubuhi, uliponiambia pako sawa?"

"Nilikuwa nacho mfukoni."

Wifi alimkazia macho kama anayetafuta pa kuanzia na sindano. "Wifi, wewe una wivu."

"Ninao. Na haujaisha, usinisogelee sana."

Wifi alijizuia, akashindwa, akacheka huku machozi yanamlenga. "Mama nitamwambia."

"Mwambie. Ila usisahau kumwambia mdomo ni wangu."

Jioni ikabaki sheria ya mapacha: droo ya nani? Bi Sindano alivifunga vipande vyote viwili kwa pamba, akavilaza kwenye droo ya wifi yake, kwa mkono usiotaka kabisa. Akaifunga vizuri.

Kisha ufunguo akautia mfukoni mwake.