Unene wa Kidole

Kila asubuhi, kabla filimbi ya kazi haijalia, nilikuwa nikifunua gunia bichi kwenye kona ya nyumba ya tata Cicily, nachovya vidole katika maji, nanyunyiza, kisha nafunika tena. Udongo ukikauka upande mmoja kabla ya mwingine huvutana na kupasuka, kwa hiyo sikukosa hata siku moja, hata siku nilipokuwa na homa. Wakati huo tata, dada yake mama yangu, alikuwa akikoroga uji. Alinipa mgongo. Hakuwahi kutazama kona ile.

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, mwaka wa 1956, vidole vyangu vilikuwa bado vimelowa mlango uliposukumwa kwa buti.

"Upekuzi!"

Alikuwa Kithaka, homugadi, askari mlinzi wa serikali katika kijiji chetu cha Kanja, na bunduki yake mkononi. Alikagua kitanda, akakagua dari, akainamisha pipa la mahindi. Kisha akaliona gunia.

"Kuna nini hapa, mwalimu?"

Mimi nikiulizwa ghafla maneno hunikimbia. Nilitazama miguu yangu.

"Huyu hunyamaza hivi hata mbele ya darasa?" Kithaka akauliza.

"Ni kazi yake ya chuo," tata akasema bila kugeuka. "Kichwa cha mtu tu. Usikiguse, ni kibichi. Na ufunge huo mlango, Kithaka, unaniletea baridi. Wewe ulikunywa uji humu ukiwa na makamasi hadi kidevuni, leo unapiga mlango wangu teke."

"Mtu tu," Kithaka akarudia, akaliinua gunia kwa mdomo wa bunduki.

Bunduki ilishuka polepole hadi ikagusa sakafu. Alivua kofia, na sidhani alijua kwamba ameivua.

"Ni Njuki," alisema. "Hata lile jino lake."

Njuki ni mtoto wa pekee wa tata. Yeye na Kithaka walisoma pamoja, dawati moja, hadi darasa la sita. Alichukuliwa mwaka wa 1954 wakati wa msako wa Mau Mau, na tangu hapo tulikuwa tumepata barua moja tu kutoka kambi ya kizuizini, nusu yake imefutwa kwa wino mweusi.

Kithaka aliinama akakitazama kichwa kile ubavuni, akazunguka akakitazama nyuma. Mkono wake uliinuka, ukasimama hewani karibu na sikio, ukarudi.

"Mkuu wetu kule posti ya homugadi akikiona atasema mnaficha jambo," alisema hatimaye. "Kiondoeni kabla mwezi haujaisha. Mimi sikuona kitu." Akavaa kofia, akatoka. Mlango aliufunga taratibu.

Tata alimimina uji katika vikombe viwili. "Kunywa," aliniambia. "Filimbi iko karibu."

Inanipasa nieleze jinsi kichwa kile kilivyoanza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipopelekwa kusoma sanaa katika chuo kikuu huko Kampala. Siku ya kwanza nilionyeshwa chumba cha kukaushia kazi za wanafunzi. Kulikuwa na mwanamke wa udongo amepiga magoti akitwanga, kazi ya mvulana mmoja wa Tabora. Mgongo wake ulikuwa umechoka. Sijui namna nyingine ya kusema. Ulikuwa udongo, na ulikuwa umechoka. Nilisimama mlangoni hadi mwalimu akaniuliza kama nimepotea. Mbele kidogo kulikuwa na dirisha refu lenye rafu, ambako kazi bora za wanaohitimu hubakizwa ili wanaokuja nyuma wazione, na jua la asubuhi lilikuwa likizipita moja moja. Niliamini kwamba watu wanaofanya vitu vile hawali chakula kama sisi. Jioni nikamwona yule wa Tabora kwenye bwalo, anagombania mchuzi.

Nilisoma miaka mitatu. Desemba ya 1955 nilirudi nyumbani Meru likizo, na Januari nilipoomba pasi ya kurudi, afisa aliandika kwamba mwaka huo hakuna Mmeru wala Mwembu atakayevuka mpaka. Nikapewa pasi ya kufika Kanja tu, nifundishe darasa la pili. Mwalimu wangu wa ufinyanzi aliniandikia barua ambayo nimeisoma mpaka mikunjo yake imetoboka. Maonyesho ya kuhitimu yatakuwa Julai. Kazi yangu ikifika, itapimwa pamoja na za wenzangu hata kama mimi sipo. Isipofika, sina stashahada, na nafasi yangu itapewa mwingine.

Basi nikaanza kufinyanga katika nyumba ya tata. Udongo ulitoka Ishiara, alikozaliwa. Roble, mfanyabiashara wa lori anayekaa Meru karibu na kwetu, alituletea magunia mawili. Tata alikuwa mfinyanzi tangu utoto, na kabla serikali haijawahamishia watu kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa handaki vyungu vyake vilifika hadi Siakago. Mara ya kwanza nilipomwona akijenga mtungi nilisahau kazi yangu. Chuoni tulikuwa na gurudumu la kuzungusha udongo. Tata hana. Chungu kinakaa palepale naye ndiye anayezunguka, akirudi kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mwingine nje, na ukuta unapanda kati ya mikono yake kana kwamba ulikuwemo humo siku zote. Alipomaliza, mdomo wa mtungi ulikuwa duara kamili. Nilipima kwa uzi, kwa siri. Haukukosea hata unene wa uzi wenyewe.

Nilikusudia kufinyanga mzee yeyote. Nilimwambia tata hivyo, kwamba ni mtu tu. Lakini kila alipoinama kupuliza moto niliona shavu lile na paji lile, na mikono yangu ikaenda huko. Siku moja nikaona Njuki ananitazama. Sikuwa nimeomba ruhusa. Niliona aibu kuomba baadaye, na tata hakuuliza, ndipo sote wawili tukaendelea kusema "kichwa chako", "kichwa changu."

Baada ya Kithaka kutoka sikuwa na nafasi ya kungoja. Roble angepita Jumanne ya mwisho ya mwezi akielekea Nairobi, na sanduku lingepanda treni kutoka huko. Kichwa kilihitaji kuchomwa, na katika kijiji kile hakuna aliyejua kuchoma isipokuwa mmoja.

"Tata," nilisema siku hiyo jioni, "utanisaidia kuchoma?"

"Mvua," alisema.

Kesho yake mvua haikunyesha. "Kuni mbichi," alisema. Nikaokota kuni kavu katika saa moja tuliyoruhusiwa kwenda mtoni. Akazigusa kwa mguu. "Upepo wa siku hizi si mzuri. Na kwetu Ishiara tunachoma vyungu. Sijaona mtu akichoma uso."

Nilidhani ni desturi, na desturi ya mtu mzima sikuweza kuibishia. Kwa hiyo nikafanya ujinga. Tata alipokuwa amekwenda kuchimba handaki na wanawake wenzake, nilifinyanga ngumi, unene uleule wa kichwa, nikaikausha juani siku tatu, kisha nikaiweka katika moto wa jikoni. Nilitaka kujua kama naweza peke yangu. Nilikuwa nimekaa kando yake nasahihisha daftari za watoto iliposema pu! Majivu yakaruka hadi darini. Kipande kilinipita sikioni, kingine kikavunja kikombe.

Tata alinikuta nimepiga magoti naokota. Alichukua kipande kimoja, akakitazama pale kilipovunjika, akakipima kwa kidole.

"Hiki ni kitu gani?"

"Mkono."

"Hiki ni tofali. Ndani kibichi, nje kavu. Na kile cha pale konani ni hivi hivi?"

"Chuoni tuna tanuri," nilisema kwa sauti ndogo. "Linapashwa siku mbili, polepole. Udongo mnene unavumilia."

"Chuo kizuri," alisema tata. "Kinafundisha watu kufinyanga mabomu, halafu kinawaleta kwetu wakati huu." Alianza kucheka, na nilipoona amecheka nami nikacheka, machozi yakanitoka. Kisha akakigeuza tena kile kipande mkononi.

Asubuhi iliyofuata hakukoroga uji. Alikuwa amekaa mbele ya kichwa, gunia limeondolewa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akikitazama. Mkononi alikuwa na uzi wa katani.

"Shika hapa, kwenye mabega. Usitetemeke."

Aliupitisha uzi nyuma ya kichwa, kutoka sikio hadi sikio, akauvuta. Kisogo kikatoka kizima kama kifuniko. Mimi nilifumba macho. Nilipoyafungua, alikuwa amekwisha kuingiza mkono wake wa kulia ndani ya kichwa cha mwanawe, na kwa kipande cha kibuyu alikuwa akikwangua udongo, anautoa kidogo kidogo, anautupa kwenye karai. Mkono wa kushoto aliuweka usoni, kwa nje, kila mahali mkono wa ndani ulipofika. Ndani ya shavu, nje ya shavu. Ndani ya jicho, nje ya jicho.

"Unene wa kidole," alisema. "Zaidi ya hapo moto haupiti."

Nimekaa miaka mitatu na watu wanaoitwa wasanii, na baadhi yao ni wasanii kweli. Sijaona kitu kama kile. Hakuwa akiona alichokuwa akifanya, maana mkono ulikuwa gizani. Aligonga kwa ukucha, akasikiliza, akakwangua, akagonga tena. Pale kwenye taya nilipokuwa nimekosea kidogo, nikafanya mfupa kuwa mpana kuliko wa Njuki, vidole vyake vya ndani vilisukuma, vya nje vikapokea, na taya likawa lake. Nilikuwa nimejivunia uso ule. Sasa niliona kwamba nilikuwa nimeufinyanga kwa kuukumbuka tu, naye aliujua kwa kuuzaa.

Akapaka uji wa udongo, akarudisha kisogo, akasugua mshono hadi ukapotea. Chini ya shingo akaacha tundu la hewa. Halafu filimbi ikalia, akanawa mikono, akachukua jembe akaenda handakini. Hatukuwa tumekunywa kitu.

Tulikiacha kikauke bila gunia, tukakichoma Jumapili ya mwisho ya mwezi, kwa kuwa Jumapili hapakuwa na kazi ya lazima. Moshi katika kijiji kama chetu ungeweza kuleta risasi, ndipo nilipokwenda mwenyewe hadi kwenye lango la handaki, nikasimama mbele ya Kithaka.

"Tunachoma vyungu leo," nilisema.

"Eh, kumbe una sauti," alisema. Kisha, chini chini: "Nimekwisha kuwaambia posti ni vyungu. Vingapi?"

"Vitatu. Na kimoja."

Akaitikia kwa kichwa. "Kachomeni na hicho kimoja."

Tata alikizungushia kichwa vyungu vyake vitatu. Alisema vinakinga upepo. Akawasha nyasi kwanza, moto wa kupasha tu, akangoja, akaongeza samadi kavu, akangoja, ndipo zikafuata kuni. Majirani walikuja mmoja mmoja wakasimama mbali. Uso wa tata ulikuwa umelowa jasho, na macho yake hayakuondoka kwenye moto.

Ikasikika tak!

Hakuna aliyejongea. Tata alikaa chini pale pale kwenye majivu, miguu imenyooka mbele, kama mtoto. Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa. Tulikaa hivyo hadi moto ukafa na majivu yakapoa, na hakukubali mtu yeyote achokoe kwa kijiti. Aliyafukua mwenyewe kwa mikono.

Chungu kimoja kilikuwa kimepasuka kutoka mdomoni hadi chini. Kichwa kilikuwa kizima.

Alikitoa akakiweka kwenye majani ya mgomba. Kilikuwa chekundu, ule wekundu wa udongo wa Ishiara, na ulimi wa moto ulikuwa umekilamba upande mmoja, ukaacha weusi kutoka jichoni hadi kidevuni. Chuoni tungeuita kasoro. Mimi nilijua kwamba hata ningeishi miaka mia nisingeweza kuwaza weusi ule. Tata aligonga paji kwa ukucha. Likalia, sauti nyembamba na safi. Wanawake walisogea. Mke wa Mutembei, jirani yetu, mwanamke wa makelele mengi, alikiinamia, na bila mzaha wowote akasema, "Habari ya siku nyingi, Njuki." Hakuna aliyecheka.

Jumanne lori lilisimama langoni. Tata mwenyewe alikifunga kichwa katika majani makavu ya mgomba, akakilaza ndani ya sanduku la majani ya chai.

"Kuna nini, dada mwalimu?" Roble aliuliza, akilipima kwa mikono. "Nimebeba mbuzi, nimebeba miraa, nimebeba maiti mmoja na mzungu mmoja aliyeharibikiwa na gari. Mzungu ndiye aliyenisumbua."

"Ni kichwa," nilisema.

"Kichwa!" Alicheka, kisha akatutazama, akaacha kucheka. "Basi kitakaa mbele na mimi."

Aliliweka sanduku kwenye kiti, akalifunga kwa kamba. Tata alikuwa ameshika mlango wa lori, na Roble alipowasha injini hakuuachia. Nikaona vidole vyake vimekaza. Hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho ningepaswa kukiona tangu mwanzo, na ulimi wangu kwa mara moja ukanitii.

"Tata, nikimtoa? Abaki nawe. Nitafinyanga mwingine mwaka ujao."

"Nafasi yako itaungoja huo mwaka ujao?"

Nilitazama sanduku.

"Haikuwa mvua," alisema tata. Roble alizima injini. "Wala kuni, wala desturi ya Ishiara, hatuna desturi hiyo. Niliogopa. Nilisema moyoni, akipasuka motoni, basi na kule aliko amekwisha, na ni mimi mama yake niliyeuwasha moto. Ndiyo sababu nilikuwa nakupa mgongo kila asubuhi." Akauachia mlango, akafuta mkono kwenye leso yake. "Mpeleke, Roble. Na wewe Kanana, waandikie watu wa chuo. Usiwaandikie kwamba ni mtu tu. Waambie anaitwa Njuki, na namtaka nyumbani."