Pamba ya Dobi

Kitendawili! Itikieni basi, nitege. Nina mgeni ndani kwangu: kuingia huingia kimya, lakini akitaka kutoka hutikisa mlango mpaka bawaba zilie, na haangalii nimesimama na nani. Mkishindwa msinipe mji, mji nitaupeleka wapi na umri huu? Nipeni masikio tu.

Dobi alikaa ukingoni mwa benchi la hospitali, magoti yamebanana. Kando yake, binti yake alikuwa akimnyonyesha mtoto.

"Mama, nakuuliza tena. Kwa nini hulali kwangu? Tangu nijifungue unakuja asubuhi, jua likielekea kuzama unakimbia kama kuku anayewahi banda. Mume wangu amekukosea?"

"Mkwe wangu hana neno."

"Basi ni mimi."

Dobi akautazama mlango. Alikuwa amemwambia binti yake kwamba amekuja kupimwa kiuno. Kabla hajatunga uongo mwingine, akaitwa, na swali likabaki palepale benchini.

Masikioni alikuwa na pamba. Kazini kwake, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, mabomba hayafungwi kutwa, na sauti ya maji ndiyo iliyokuwa adui yake. Bomba likichuruzika tu, kibofu chake huitika, "Abee!" Ndipo akaanza kuziba masikio. Wenzake wakamwita Mama Pamba. "Mama Pamba, nani anakusema huko mpaka hutaki kusikia?" Akacheka nao. Heri kuitwa kiziwi kuliko kikojozi. Na leo asubuhi, kwa mazoea, mkono ulizitia tena bila hata kumuuliza mwenyewe.

Muuguzi, binti wa rika la mwanawe, alimkalisha kwenye kiti chenye tundu katikati, na chini yake chombo cha kupimia. Akamwingiza mrija mwembamba kama ujiti wa fagio, maji yakaanza kuingia kibofuni polepole. Kwenye mashine, mstari wa kuonyesha msukumo wa kibofu ukawa unatambaa.

"Ukisikia haja, niambie," muuguzi alisema, ameinama karibu. "Ikikushinda, usizuie. Nataka kuona kibofu kinavyofanya."

"Mbele yako?"

"Mficha uchi hazai, mama."

"Nilishazaa, mwanangu. Yuko nje ananisubiri."

Wakacheka wote wawili. Magoti ya dobi hayakucheka.

"Kohoa."

Akakohoa kikohozi cha bibi harusi.

"Ah, mama! Kohoa kama umepaliwa!"

Akakohoa tena, amejibana kila mahali. Halikutoka hata tone. Muuguzi akaenda kufungua bomba la sinki, maji yakamwagika kwa nguvu. Dobi aliyaona yakirukaruka, kuyasikia hakuyasikia. Mstari ukalala.

Muuguzi akamrudia, akainama karibu na sikio lake, akakunja uso. "Ulituambia unaloa kila siku. Mbona hapa kibofu kimetulia kama mtoto aliyeshiba? Tukimaliza hivi, daktari atasema huna tatizo, urudi nyumbani. Na dawa hatampa mtu asiye na tatizo."

Huna tatizo. Miaka mingi alitamani mtu amwambie hivyo. Sasa maneno yaleyale yakamtia baridi. Aliiona njia ya kurudi, jua likizama, na yeye akikimbia. Mjukuu angekua akimjua bibi wa mchana tu.

Mkono ukapanda, ukagusa sikio. Pamba ya kwanza ikatoka. Kisha ya pili.

Sauti ya maji ikamwingia kama mwizi anayejua ufunguo unapowekwa.

"Naisikia," alisema. "Naisikia, mwanangu, inakuja..." Akauma mdomo, akashika kiti kwa mikono miwili, akakaza kwa nguvu zote za miaka yote ile. Mstari ukapanda kama povu la beseni linalofurika.

"Usizuie, mama! Achia!"

"Siwezi!"

"Unaweza. Achia!"

Akafumba macho, akaachia.

Hakuna aliyecheka. Chomboni palilia kama bati lililonyeshewa, halafu pakanyamaza.

"Huyo hapo!" muuguzi alisema, kidole kwenye mashine. "Nimemwona. Kibofu kinajikaza chenyewe, hakingoji ruhusa yako. Hili tunalijua, mama, na lina matibabu." Akafunga bomba. Akaitazama ile pamba kiganjani mwa dobi. "Na hiyo?"

"Mlinzi wangu."

"Mfukuze kazi."

Huko nje mtoto alikuwa amelala. Binti hakuinua macho, kama mtu aliyechoka kuuliza. Mwisho wa korido mfagizi alikuwa akijaza ndoo, na maji yalivuma kwenye plastiki. Magoti ya dobi yakagusana. Mkono haukwenda sikioni.

Akakaa, safari hii mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mwanangu," akasema, "naogopa kulowesha godoro lako."