Kurasa Mbili za Sadala

Gari la mradi liliingia Mazingara siku ya gulio, na Zamda hakulipenda tangu alipoliona. Mwaka uliopita gari kama lile lilikuja kuwaambia watu wahame vitongoji vyao, waje wakae pamoja katika kijiji cha ujamaa, na wiki mbili baadaye alikuwa analala chini ya turubai. Tangu hapo, gari likija na karatasi, yeye hutazama kwanza litaondoka na nini.

Safari hii aliteremka kijana wa Kishambaa aitwaye Hiza, miwani usoni, adabu tele. Alisema zimepatikana fedha za msaada kutoka ng'ambo za kutunza maandishi ya wakati wa kupigania uhuru: kadi za zamani, barua, mihtasari ya mikutano, kabla mchwa hawajayamaliza. Kijiji kitakachotoa maandishi kitajengewa chumba cha maktaba na kurudishiwa picha ya kila ukurasa. Maandishi yenyewe yatakaa Dar es Salaam, mahali pasipo na unyevu.

"Mnanunua?" Zamda akauliza.

"Hapana, mama. Tunatunza."

"Na huyo wa ng'ambo anayetoa fedha zake kwa ajili ya karatasi zetu kuukuu, yeye anapata nini?"

Watu wakacheka. Hiza hakucheka. "Hata mimi niliuliza hivyo nilipoajiriwa," akasema. "Niliambiwa anataka orodha tu, aone fedha yake imefanya kazi. Nitarudi Jumatatu. Asiyetaka, simlazimishi."

Zamda hakusema kwamba ana daftari. Marehemu mumewe, Sadala, alikuwa katibu wa kwanza wa tawi la chama pale, tangu siku zile kadi zilipofichwa kwenye vihenge vya mahindi. Daftari lake la mihtasari lilikuwa ndani ya sanduku la bati, limefungwa kwa shuka. Hakuna aliyelifungua tangu wamzike, miaka mitano sasa.

Kesho yake, umande haujakauka, Mdoe akabisha hodi. Mdoe alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na zamani alikuwa mjumbe katika kamati ya Sadala. Tangu msiba ule alikuwa amefika kwa mjane mara mbili tu.

"Shemeji, lile daftari la Sadala bado unalo?"

"Sijui kama liko zima."

"Nipe nikalitunze ofisini. Hawa vijana wa Dar usiwaamini." Alikunywa uji aliopewa, akaweka kikombe chini. "Umewahi kulisoma?"

"Mimi? Mimi naandika jina langu tu, shemeji."

Uongo ulimtoka bila kupangwa. Alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima, na Mdoe mwenyewe ndiye aliyempa cheti mkononi; ila siku ile aligawa vyeti arobaini, na wanawake hakuwatazama usoni. Anayeogopa wezi angeuliza sanduku linafungwaje. Huyu ameuliza kama amelisoma.

Mdoe alipoondoka, Zamda hakwenda shamba. Alifunga mlango, akakaa dirishani na daftari. Mwandiko wa Sadala ulikuwa umelala kama mtama uliopigwa na upepo, na mpaka adhuhuri ndipo macho yalipouzoea. Nauli za wajumbe. Nani alete kuni. Kisha, Machi 1958, akakutana na jina la kaka yake.

"Ndugu Mbaruku afukuzwe uanachama. Amempelekea Bwana Shauri majina ya wenye kadi. Shahidi, Ndugu Mdoe."

Hilo alilijua. Handeni nzima ililijua: Mbaruku amewauza wenzake kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Watu waliacha kumsalimu Mbaruku, shamba lake likalishwa ng'ombe mchana kweupe, na mwisho akahamia Hale, kando ya Mto Pangani, asirudi hata kumzika mama yao. Zamda naye hakumfuata. Alikuwa mke wa katibu.

Akafunua mbele. Agosti, mwaka uleule:

"Imebainika majina yalitolewa na karani aliyekuwa akifungua barua zetu. Ndugu Mbaruku hana hatia. Isitangazwe mpaka uchaguzi upite, wanachama wasivunjike moyo. Ndugu Mdoe akamwambie mwenyewe kwa siri. Sadala, Katibu."

Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, kisha akarudia akitumaini amekosea herufi. Uchaguzi ulipita. Uhuru ukaja. Sadala aliishi miaka kumi na miwili baada ya kuandika yale, akila chakula chake, akimsikia mkewe akimlaani ndugu yake wa tumbo moja, asiseme kitu. Shaka aliyokuwa nayo kwa Hiza, kisha kwa Mdoe, sasa ilihamia kwa mtu wa kaburini, na huyo hakuwa na jinsi ya kuulizwa.

Jumamosi Mdoe alirudi na mgambo. Zamda alimwacha mgambo nje, akamkaribisha mwenyekiti ndani peke yake.

"Nimefuata daftari, shemeji. Ni mali ya chama."

"Kwanza niambie. Agosti ile ulitumwa kwa kaka yangu. Ulifika?"

Mdoe alivuta kigoda akakaa. "Nilifika Korogwe, kabla hajahamia Hale," akasema. "Nikamwona stesheni, anabeba mizigo ya watu. Mimi ndiye niliyesema nimemwona akiingia kwa Bwana Shauri. Na kweli nilimwona! Kumbe alikwenda kwa kesi ya shamba. Ningeanzia wapi? Nikarudi. Nikasema, mwezi ujao."

"Na Sadala?"

"Nilimwambia ujumbe umefika, na kwamba Mbaruku amekataa kurudi. Akasema, basi tumwache."

Huenda ilikuwa kweli. Huenda pia alikuwa anamfariji mjane ili apewe daftari.

"Silitoi," Zamda akasema. "Ukitaka, mwambie mgambo avunje sanduku, watu waone."

Mdoe akanyanyuka, akatoka bila kugusa kitu.

Jumapili Zamda alipanda basi la asubuhi hadi Korogwe, akabadilisha la Hale, daftari likiwa kifuani ndani ya kanga. Alimkuta Mbaruku anamwagilia mchicha, nywele nyeupe kichwa kizima.

"Shikamoo, kaka."

Hakuitikia. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Miaka kumi na saba, halafu unakuja hivihivi? Wanataka nitie sahihi gani?"

Zamda alifungua fundo la kanga. Aliketi kwenye tuta, akafungua daftari, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la pili. Alipofika "hana hatia", Mbaruku akaweka ndoo chini.

"Rudia."

Akarudia. Mbaruku akamwita mkewe, Fatu, kutoka jikoni. "Msomee na huyu." Fatu alisikiliza, akaanza kulia. Mbaruku hakulia. Alilichukua daftari, akalileta karibu na macho, akasugua ukurasa kwa kidole gumba aone kama wino ni wa jana.

"Ni wa zamani," akasema. Kisha, "Marahaba."

Alipoelezwa habari za Hiza na fedha za ng'ambo, alitikisa kichwa. "Watachukua ukurasa wa Machi. Wa Agosti utadondoka njiani."

"Basi njoo uone unavyochukuliwa."

Mbaruku alikataa kukanyaga Mazingara. Kwa hiyo Jumatatu walimvizia Hiza Handeni mjini, mbele ya nyumba ya wageni, kabla hajawasha gari. Hiza akaweka daftari juu ya boneti, akaandika namba kwa penseli kwenye kila ukurasa, Mbaruku akihesabu kwa sauti. Themanini na sita. Stakabadhi ikaandikwa. Mbaruku akaisoma mara mbili, akairudisha.

"Hujaandika yaliyomo."

"Fomu ya wafadhili inataka idadi tu, mzee."

"Ukurasa wa Machi ni wa ngapi? Na wa Agosti?"

"Arobaini na moja. Hamsini na tatu."

"Andika kwamba hizo mbili zisiachanishwe."

Hiza alimtazama. Alifungua wa arobaini na moja akausoma, kisha wa hamsini na tatu. Akaandika palepale, akagonga muhuri juu ya maneno yenyewe. Zamda akatia sahihi, jina lake lote.

Chumba kilijengwa mwaka uliofuata. Picha zilirudi zote themanini na sita, na Mdoe akakata utepe, akahutubia kuhusu mashujaa wa tawi. Jina la Mbaruku hakulitaja. Lakini kisomo kilikuwa kimezaa wasomaji wengi Mazingara. Kabla ya mavuno watu walikuwa wakiulizana habari za ukurasa wa hamsini na tatu, na uchaguzi wa kijiji ulipofika Mdoe alisema anaumwa mgongo, hakugombea.

Mbaruku alialikwa Mazingara, hakuja. Ila kabla ya Idi alituma mchele na ujumbe mfupi: anataka kuwaona wajukuu wa dada yake. Zamda akawapeleka Hale.

Kuhusu Sadala hawakuzungumza, wala Idi iliyofuata. Zamda huenda makaburini, hung'oa magugu, humwombea dua kama inavyompasa. Zamani, akimaliza, alikuwa akiketi kidogo pale kando yake. Siku hizi haketi.