Uzi wa Jaladani

Jarida la chama cha warusha ndege zisizo na injini lilikuwa bovu, na kila mwanachama alilijua hilo isipokuwa yule ambaye sura yake ilikaa jaladani. Mwenyekiti akikata utepe. Mwenyekiti akimpa mgeni mkono. Mwenyekiti ameegemea bawa, tumbo mbele, kama vile ndege ile kaizaa mwenyewe. Watu walipekua kurasa za nyuma kutafuta nani anauza parachuti, kisha jarida likaenda kupangusiwa vioo vya magari.

Malalamiko yalipozidi, kamati ikasema jarida lifufuliwe, lianze na picha ya jalada. Wakamwita Lenzi.

Mwanamke huyo, mwanachama pia, alikuwa na jina kama watu wengine, ila uwanjani hakuna aliyelitumia. Aliishi kwa kupiga picha za nyumba zinazouzwa, kazi ya kufanya choo chembamba kionekane ukumbi. Walimwita kwa sababu mwenye kamera ya maana alikuwa yeye tu, na kwa sababu walidhani amesahau.

Hakuwa amesahau hata nukta.

Mbele ya macho ya rubani, juu ya kifuniko cha kioo, hubandikwa kipande cha uzi mwekundu wa sufu. Ndicho kifaa rahisi kuliko vyote katika ndege hizo. Ndege ikienda sawasawa, uzi hulala katikati. Ikienda kiubavu, uzi nao huenda upande. Na rubani akikata kona akiwa chini, karibu na ardhi, huku uzi umelalia upande wa ndani, bawa moja huacha kubeba na ndege hujipindua kabla mtu hajavuta pumzi. Kaka yake Lenzi alikufa hivyo. Jarida hilohilo likamzika kwa maneno matatu: "Marehemu alipuuza uzi."

Lenzi aliandika majibu. Alieleza kwamba kaka yake alifundishwa kona ile na Mwenyekiti, ambaye pia ndiye mwalimu mkuu. Kwamba kaka mtu alikuwa akirudi nyumbani na kukariri mezani, "kanyaga mguu, usilaze bawa", yaani geuza ndege kwa pedali ya usukani wa mkia tu, jambo linaloulaza uzi, mpaka mama yao akamwambia aache kukanyaga miguu ya meza yake. Majibu yalirudishwa yakiwa na mstari mmoja: jarida si mahali pa majungu. Ila jarida lenyewe halikuacha kufika kwa mama yao, kila toleo, na jina la marehemu juu ya bahasha, kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kulifuta. Mama alilipokea kwa ncha za vidole na kulilaza kifudifudi.

Basi Lenzi alipoitwa, alikubali haraka, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Alipanda juu ya tangi la maji mwisho wa uwanja, akalala kifudifudi na lenzi yake ndefu. Mwenyekiti alikuwa amemwambia, "Nitapita karibu kabisa, dada. We chukua sura tu." Akapita kweli. Akakata kona ya mwisho chini, mguu umekanyagwa hadi usukani wa mkia umepinda, bawa halijalala, uso umegeuzwa kuelekea kamera, meno nje. Lenzi akabonyeza. Hakuhitaji kupiga ya pili.

Kamati ilikutana katika chumba chao nyuma ya banda la ndege, chenye viti vya plastiki na feni inayozunguka bila kupuliza mtu.

"Hii," Mwenyekiti akasema, akiigonga picha kwa kidole. "Sura safi, bawa safi, uwanja wote uko chini yangu. Hili sasa ni jalada."

"Umetoka, mzee," akasema Katibu, ambaye angesema vivyo hivyo hata kama ingekuwa picha ya kisogo.

Mpangaji wa kurasa, mtu mpole waliyemwita Mkasi, aliivuta picha karibu na pua. Hakuwahi kurusha hata tiara, lakini ndiye aliyepanga ule ukurasa wa msiba, na maneno yake hayakuwa yamemtoka kichwani.

"Uzi," akasema.

"Uzi gani?"

"Wako, mzee. Umelala."

Katibu akaanza kuisoma feni.

"Unyooshe," Mwenyekiti akasema. "Si una kompyuta?"

"Unyooshwe kwa nini?" Lenzi akauliza.

"Ili picha ipendeze."

"Mbona inapendeza? Umesema mwenyewe sasa hivi."

"Dada, usinianze."

"Sijakuanza. Nauliza uzi uliolala una ubaya gani. Waeleze wenzako, si ndiwe mwalimu mkuu?"

"Ulikuwa upepo."

"Upepo upi? Kifuko cha kuonyesha upepo hicho hapo pembeni mwa picha, kimelegea kama suruali kwenye kamba."

Mtu mmoja akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mwenyekiti aliegemea mbele mpaka kiti kikalia.

"Kaka yako alikuwa mzembe. Tulimwandika alivyokuwa. Usije kutufukulia maiti kwa kamera."

"Kaka yangu alikuwa mwanafunzi wako. Kona hiyo hapo mezani ndiyo uliyompa." Sauti ya Lenzi haikupanda, na hilo liliwaudhi zaidi. "Nataka kitu kimoja. Myafute yale maneno, na muandike ni nani alimfundisha. Mkishafanya hivyo wekeni picha yoyote, hata ile ya utepe."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wanaotaka uzi unyooshwe, wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda yote. Wa Mkasi ulipanda mwisho, mwenyewe akiwa ametazama chini. Hivyo ndivyo watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, walivyopiga kura kwamba kilichotokea hakikutokea.

"Basi jina langu msiliweke chini ya picha," Lenzi akasema.

"Hata hatukuwa na mpango huo," Mwenyekiti akajibu, na kamati ikacheka kwa raha.

Mkasi alimtumia Lenzi nakala ya majaribio kabla ya kuchapa. Uzi ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula. Lenzi akaitazama picha yote, kuanzia puani mwa ndege hadi mkiani. Akaona walichokinyoosha. Akaona na walichokiacha. Akamjibu Mkasi neno moja: chapa.

Jumamosi toleo jipya likagawiwa uwanjani. Mwenyekiti alikuwa tayari amejifunga mikanda katika kiti cha nyuma cha ndege ya mafunzo. Mbele yake alikaa mwanafunzi, mwanamke wa makamo, daktari wa meno, jarida likiwa mapajani wakisubiri iunganishwe kamba ya winchi, mashine inayoivuta ndege ipae. Lenzi ndiye aliyekuwa na zamu ya kushika ncha ya bawa.

"Mwalimu," akasema daktari, "hapa jaladani usukani wa mkia umekanyagwa mpaka mwisho kuingia kona. Bawa halijalala. Halafu uzi uko katikati. Inawezekanaje?"

"Ni picha tu hiyo, daktari. Funga kioo."

"Nauliza kwa sababu Jumamosi iliyopita ulinifundisha hivihivi. Uzi ukaenda upande, nikakuuliza, ukaniambia niachane nao."

Waliokuwa wakisogeza ndege nyingine wakaacha kusogeza.

"Wameharibu picha hao wa jarida," Mwenyekiti akasema. "Wameichezea."

Mkasi alikuwa hatua chache tu, na rundo la nakala kifuani. Pengine alikuwa amechoka kunyoosha. "Mimi nimeharibu? Mzee, si uliniambia niunyooshe? Kamati nzima ilikuwepo."

"Nyamaza wewe."

"Kwa hiyo uzi ulilala," daktari akasema.

Akafungua mikanda, mmoja baada ya mwingine, akajiinua kutoka kitini.

"Unakwenda wapi? Kamba inaletwa."

"Mwalimu, mimi nang'oa meno kila siku. Sura ya mtu anayesema haiumi naijua." Akashuka, akakunja jarida akalitia kwapani.

"Anayefuata," Mwenyekiti akaita.

Hakuna aliyefuata. Katibu aliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

"Haya, naruka peke yangu. Lenzi, inua bawa."

Bawa likiinuliwa likawa sawa, mtu wa winchi kule mbali hujua avute. Likiwa chini, havuti hata aitwe na nani. Lenzi alikuwa ameishika ncha kwa mikono miwili, kiunoni.

"Utaandika," akasema. "Ukurasa wa kwanza. Kwamba ulimfundisha wewe."

"Inua bawa, nimesema."

"Sema utaandika."

"Wewe mwanamke, nitakufukuza chama leo hii."

Lenzi akalishusha bawa taratibu mpaka likagusa majani, kisha akaliketia. Akajifuta viganja kwenye suruali. Watu walimtazama yeye, wakamtazama Mwenyekiti aliyefungwa mikanda nyuma ya kiti kitupu, na hakuna aliyekwenda kumwondoa.

Kule mwisho wa uwanja, mtu wa winchi alingoja kidogo, akazima injini.