Wi ya Adabu

Asubuhi ile Zakiya alimkuta Bi Solange amelala chali sakafuni mwa chumba cha ndani, kanzu imelowa jasho, pumzi ikikoroma kama buli la maji. Alimwita mara tatu. Kimya.

Bi Solange alikuwa Mfaransa, mwalimu mstaafu, mgonjwa wa sukari, mwenye nyumba ya mawe karibu na Wiyoni. Zakiya alikomea darasa la nane na alimfanyia kazi za ndani. Miezi saba sasa, kila akimaliza kupiga deki, bibi alimfunza vitenzi vya Kifaransa. Alivikata vipande kwa wino mwekundu, wakapiga kofi kwa kila kipande. Zakiya aliandika alivyosikia: sere, kukaza, de-sere, kulegeza; turne, kugeuka, re-turne, kugeuza upande. Kipande cha mbele alikiita daka, maana nyumba ya Lamu huingii ndani mpaka upite dakani.

"Bi Ghada! Ndoo! Bibi amekufa!"

Jirani akaitikia mwito huo wa Zakiya wa kuja, akaingia na binti yake Maram, naye Maram akatumwa mbio papo hapo hospitali, kumleta muuguzi.

"Hayafa, apumua," alisema Bi Ghada. "Mtu halazwi tini kama gunia la nazi, mwana! Mimi nakoroga maji ya sukari, tumtie kanwani."

Simu ya bibi ikalia. Alikuwa bintiye Bi Solange, daktari huko Ufaransa, ambaye hupiga kila asubuhi. Zakiya alibabaika kwa Kifaransa chake: mama, chini, hasemi. Sauti ikamwagika kama mtama uliopasukiwa gunia. Hakuokota hata punje.

"Wi," alijibu. Ndio.

Ikauliza tena, kali zaidi.

"Wi."

Chuoni kwa Kurani alifunzwa tangu mdogo: mwalimu akisema, jibu ni naam. Kumwambia mkubwa kuwa hukumwelewa ni kumvunjia heshima, kana kwamba hakusema vizuri. Basi naam ikamtoka yenyewe, kwa Kifaransa. Upande wa pili yule binti alishusha pumzi. Alidhani aliloagiza limeshatendwa.

Bi Ghada alikuwa keshapiga magoti na kikombe. Kijiko cha kwanza kikaingia mdomoni mwa bibi, cha pili kikafuata. Koromo likakatika. Midomo ikaanza kugeuka rangi, kama zambarau.

Zakiya aliitazama midomo ile, akajua wi yake ndiyo inayomuua.

"Non!" alipiga kelele simuni. "Non, non! Sikuelewa! Kupe!" Kupe, kata vipande: neno la bibi la kila somo.

Sauti ikarudi taratibu, kipande kimoja kimoja.

"Re."

Zakiya akapiga kofi. Daka hilo.

"Tur. Ne."

Kofi, kofi.

"Ndio nini hivyo?" Bi Ghada aling'aka. "Wasomesha chuo na mtu yuafa?"

"Ageuzwe! Ubavuni! Weka kikombe, Bi Ghada, nakuomba, usimpe kitu tena!"

Alikuwa hajapata kumwamuru mtu mzima maishani mwake. Bi Ghada alimkodolea macho, akaweka kikombe. Wakamgeuza.

"De. Se. Re."

Kulegeza: Zakiya aliinamia kanzu ya bibi. Kifungo cha shingoni alikinyofoa kwa meno. Maji na matapishi yakatoka. Pumzi haikuja. Alisoma Fatiha, akapotea katikati, akaanza upya. Ndipo pumzi ikaja, ikikwaruza kama mlango mbovu.

Muuguzi Kipchumba alipofika na Maram, jambo la kwanza aliuliza, "Nani alimlaza hivi?"

Zakiya akasogea mbele. "Mimi."

"Poa. Angebaki chali na hayo maji, saa hii mngekuwa mnaita watu wa mazishi."

Akatafuta mshipa, akamtia sukari kwa sindano, maana ilikuwa imeshuka mno. Zakiya hakuthubutu kukaa mpaka macho ya bibi yalipofumbuka, yakazunguka dari, yakamshukia yeye.

Simuni yule binti alilia, akasema maneno mengi, mbiombio. Zakiya hakushika hata moja. Wi ilimfika ncha ya ulimi. Akaimeza.

"Non," alisema. "Kupe."

"Mer," sauti ilisema. "Si."

Zakiya alipiga makofi mawili, akaunganisha: mersi, asante. Kisha akakaa chini palepale, kwenye sakafu iliyolowa.