Boya la Kisian

Modeli ya Daktari Lorine Achola ilichelewa kupatana na ziwa. Ndani ya kompyuta yake mjini Kisumu, maji ya ghuba yaligawanywa katika maelfu ya vyumba vidogo, na kila chumba kikakokotolewa kasi na mwelekeo wa maji yake. Nje, karibu na Kisian, kipimo kilichofungwa chini ya boya kilikuwa kimeandika mwendo wa maji yenyewe kwa wiki kumi. Modeli ilisema maji yanakimbia. Kipimo kilisema yanajikokota. Baada ya miezi minane ya kuhangaika, Lorine aliongeza katika modeli msuguano wa sakafu ya ziwa, unaopunguza kasi ya maji, na mistari miwili kwenye skrini ikalaliana bila kuachana.

Alikuwa na shahada ya uzamivu na mkataba wa utafiti uliobakiza wiki sita. Msimamizi wake, Profesa Naswa, hakumficha: makala yake kuhusu modeli hiyo ikichapishwa, mkataba utaongezwa, isipochapishwa, atafute kwingine. Ijumaa, jarida la kisayansi likaikubali makala. Ilibaki yeye kuthibitisha nakala ya mwisho.

Jumatatu alishuka ufuoni Kisian na soda mbili kumshukuru Mzee Obonyo, mwenye boti aliyelinda boya.

"Umenisaidia sana, Baba."

"Na unanishukuru kwa soda? Mimi nilisikia harufu ya kuku." Mzee alicheka. "Boya lako lingekuwa Uganda sasa hivi, nyathina, mwanangu. Magugu ya ziwani yalikuja mengi kama shamba, yangeliburuta. Nikalivuta na nanga yake, nikalificha nyuma ya mawe yale, mahali maji yametulia kama uji kwenye bakuli. Ulipokaribia kuja kulitoa, nikalirudisha palepale."

Lorine aliweka chupa chini.

"Lilikaa nyuma ya mawe siku ngapi?"

"Wiki nane hivi. Na mafuta ya injini sikukudai! Si uliniambia nililinde?"

"Nilikuambia."

"Basi mbona umenuna kama mtu aliyeibiwa?"

"Sijanuna, Baba. Ulililinda vizuri."

Alimpigia Naswa simu akiwa bado ufuoni. Alieleza kwa ufupi: kipimo kilipima maji ya mahali pengine, naye aliilazimisha modeli ifanane nayo.

"Nani mwingine anajua?" Profesa aliuliza.

"Mzee wa boti. Lakini hajui maana yake."

Naswa alisikika akifunga mlango wa ofisi yake.

"Unajua nitakachoweza kukufanyia bila makala hiyo?"

"Hakuna."

"Hakuna," Naswa alikubali. "Amua mwenyewe."

Alasiri hiyo aliliandikia jarida aya moja, akaiondoa makala na kutaja sababu. Mhariri alijibu kesho yake, kwa adabu, kwamba amepokea. Wiki sita zilipokwisha, Lorine alikabidhi ufunguo wa ofisi kwa katibu, akatia sahihi daftarini, akateremka ngazi kwenda kutafuta kazi.