Kitanda Hakikutumika

Jumanne ya tarehe 8 Julai 1997, kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, Nyakatuntu, karani Placidius alikuwa amekwisha kupima magunia kumi na manne ya kahawa ya maganda kabla ya saa sita mchana. Nsabimana, mpakizi wa ghala, aliketi juu ya gunia la kumi na tano apumzike, akasinzia. Haukupita muda pumzi yake ikasimama. Akainuka taratibu, miguu ikiwa imekunjwa vilevile alivyoketi, mpaka utosi wake ukagusa bati.

"Wewe Nsabimana, shuka," alisema Placidius bila kuinua kalamu. "Gunia ulilokalia halijapimwa."

Pumzi ilirudi kwa mkoromo. Nsabimana akaanguka juu ya magunia, akaamka, akajipangusa vumbi.

"Nimelala?"

"Umelala na umeanguka. Shukuru umeangukia maganda, wiki iliyopita ulituvunjia ndoo."

Ugonjwa ulikuwa na miaka minne. Kila aliposinzia, pumzi ilikatika kwa sekunde ishirini au thelathini, na kwa muda huo mwili wake haukuwa na uzito. Pumzi iliporejea, uzito nao ulirejea wote kwa mara moja. Usingizi wa namna hiyo haumshibishi mtu, kwa hiyo alisinzia mchana pia: ghalani, kanisani, shambani akiwa ameshika mundu. Kwenye boriti iliyo juu ya kitanda chake palikuwa na alama nyeusi inayong'aa, mahali paji la uso wake lilipozoea kugusa.

Mkewe, Mukandekezi, alimfunga kiunoni kamba ya mgomba, na ncha ya pili akaifunga kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe. Kamba ilipovuta, aliamka, akamshusha taratibu kabla pumzi haijarudi, akamlaza. Akiwahi, mumewe hakuumia. Kwa miaka minne hakuwa amelala zaidi ya robo saa kwa mfululizo, na majirani walizoea kumwona akipalilia migomba macho yakiwa yamefumba nusu.

Kaya yao ilikuwa na kadi ya Mfuko wa Tiba wa Kaya, ulioanza mwaka uliotangulia. Kadi iligharamia malaria, minyoo, uzazi na kuanguka. Adelgunda, muuguzi wa zahanati, alikuwa amemtibu Nsabimana mfupa wa bega, meno mawili na mkono uliotenguka. Kila mara aliandika katika fomu "Ameanguka", na kila mara Mfuko ulikubali. Kilichomwinua hakikuwa na safu katika fomu.

Daktari wa hospitali ya misheni alikijua. Alimweleza Mukandekezi kwamba iko mashine inayosukuma hewa puani, inatumia betri ya gari, na mgonjwa akiivaa hainuki. Stoo ya hospitali ilikuwa nayo moja, ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa. Angeitoa siku atakayoletewa idhini ya Mfuko. Akaongeza, kwa kuwa aliulizwa, kwamba bila mashine itafika siku pumzi isirudi.

Mukandekezi akaenda Kayanga, makao makuu ya wilaya, kwa mratibu wa Mfuko. Mratibu aliitwa Melkiory, kijana wa Muleba mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeleta barua ya daktari."

Melkiory aliisoma mara mbili, kisha akafungua kitabu cha kanuni. "Ugonjwa wa mzee upo, mama. Kifungu cha kumi na nne. Mfuko utagharamia ugonjwa wa usingizi pamoja na vifaa vyake, iwapo usingizi umepimwa katika kituo kilichoidhinishwa."

"Kumbe wamekubali."

"Wamekubali kabisa."

"Basi nielekeze kituo. Hata kama ni Mwanza nitampeleka."

Melkiory alichomoa karatasi kwenye jalada, akaigeuza ili naye aione. Juu iliandikwa ORODHA YA VITUO VYA KUPIMA USINGIZI VILIVYOIDHINISHWA. Chini kulikuwa na mhuri na sahihi. Katikati hapakuwa na kitu.

"Hii ndiyo orodha?"

"Ndiyo hiyo, mama. Ni ya mwaka huu."

Adelgunda aliposikia habari hiyo hakulalamika. Alisema kwamba orodha yenye nafasi ni nafuu kuliko orodha iliyojaa, akaomba zahanati ya Nyakatuntu iidhinishwe. Kanuni zilitaka chumba kimoja chenye mlango, kitanda kimoja, na kipimo kilichokaguliwa na serikali. Chumba cha chanjo kilikuwa na mlango. Kitanda kilitoka wodi ya wazazi. Kipimo pekee katika kata kilichokuwa na lakiri ya mkaguzi wa serikali kilikuwa mzani wa kuning'iniza wa chama cha msingi.

Waliujaribu Jumamosi moja mchana. Placidius alitundika mzani kwenye boriti ya ghala, wakamlaza Nsabimana ndani ya turubai kama mtoto mgongoni. Alikuwa na kilo sitini na nane. Akasinzia. Mshale ukaenda kwenye sifuri, turubai likalegea, mgonjwa akapanda juu yake kadiri kamba ilivyoruhusu. Kisha kilo sitini na nane tena. Kati ya saa sita na saa tisa mshale ulifika kwenye sifuri mara thelathini na moja. Placidius aliandika kila mara na saa yake, kwa mkono ule ule aliokuwa akiandikia kahawa, na mwishoni akaweka sahihi.

"Karani, umeniweka daraja gani?" aliuliza Nsabimana alipoamka.

"Daraja la kwanza. Ila hujakauka."

Mukandekezi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huo.

Mkaguzi wa Mfuko alifika mwezi Septemba. Jina lake Cassian, mtu mwangalifu, mwenye viatu vilivyofutwa vumbi kila alipoingia mlangoni. Alipima mlango. Aliikagua lakiri ya mzani akairidhia. Alikaa saa tatu katika chumba cha chanjo akimtazama Nsabimana akipanda na kushuka, Mukandekezi akivuta kamba, na hakukosa hata tukio moja. Alipoondoka aliwaaga kwa heshima, akambebea Mukandekezi ndoo ya maji hadi barazani.

Taarifa yake ilikuja baada ya wiki sita. Ilikuwa sahihi kila mstari. Ilisema kwamba kanuni inataka mgonjwa apimwe akiwa amelala kitandani; kwamba katika muda wote uliohesabiwa kuwa ni wa ugonjwa, mgonjwa hakuwa kitandani bali wastani wa mita moja na robo juu yake; na kwamba kwa hiyo kitanda hakikutumika. Maombi hayakukubaliwa. Rufaa ingesikilizwa Kayanga, mgonjwa akiwepo.

Walikwenda tarehe 18 Novemba. Ofisi ilikuwa na watu wengi, wakaambiwa wasubiri uani, kwenye benchi. Nyumbani kulikuwa na boriti, ghalani kulikuwa na bati. Uani hapakuwa na kitu juu. Mukandekezi aliliona hilo, akaongeza kamba ya katani aliyoazima kwa dereva wa lori, akaizungusha mara tatu mkononi.

"Nitajitahidi nisilale," alisema Nsabimana.

"Lala tu. Umechoka. Mimi nimeshika."

Alilala saa nne na dakika kumi. Alipanda, akashushwa, akapanda, akashushwa. Saa tano kasoro alipanda tena, na Mukandekezi alipovuta, alishuka kama kawaida mpaka usawa wa benchi, lakini hakuwa mzito. Akamlaza, akaondoa mkono, mumewe akapanda. Akamshusha tena. Akamwita kwa jina, akamwita baba wa watoto wake. Akamkalia miguu ili abaki pale, akaendelea kumwita kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya chini, kwa sababu ndani watu walikuwa wanafanya kazi.

Melkiory alitoka mlangoni na jalada. "Nsabimana!"

"Yupo," alisema Mukandekezi.

Melkiory alitazama juu, akavua kofia. Baadaye akaandika katika jalada kwamba mgonjwa alihudhuria.

Dereva wa lori alikuwa tayari kuwachukua, ila alisema upepo wa barabarani utamsumbua marehemu. Mukandekezi akarudi kwa miguu, siku mbili, kamba mkononi, mumewe juu yake kwenye anga safi. Waliokutana naye walimpa pole, kisha wakainua uso na kumwamkia mzee pia. Alipofika kijiji cha Nkwenda alimpitisha kwa uangalifu chini ya waya za simu. Usiku wa njiani alimfunga kwenye mwarobaini wa watu, na yeye akalala chini yake mpaka jua likatoka. Kamba haikumwamsha.

Zahanatini, Adelgunda alitoa fomu ya kifo na kushika kalamu. "Nitaandika ameanguka, dada. Wataikubali."

"Sista, usiandike hivyo."

"Ndicho walichonacho."

"Kuanguka kwake mimi nilikuwa nakungoja," alisema Mukandekezi. "Andika hakuanguka."

Adelgunda aliandika: Hakuanguka. Fomu ilirudi baada ya miezi mitatu, imeambatanishwa na maelekezo kwamba sababu hiyo ithibitishwe na kituo kilichoidhinishwa. Orodha ya mwaka 1998 ilikuwa ndani ya bahasha hiyo hiyo, karatasi mpya, mhuri mpya, katikati hakuna kitu. Adelgunda aliibandika ukutani, kama alivyotakiwa. Mwaka huo waliletwa wawili wengine, mmoja kutoka upande wa Murongo, kamba kiunoni. Mmoja alikuwa na bega lililovunjika. Bega lilitibiwa.

Nsabimana alizikwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba, mawe ya magunia manne juu ya jeneza. Msimu wa mvua udongo ukilainika, kaburi huinuka kidogo. Mukandekezi huenda mchana, baada ya kupalilia, akaongeza jiwe. Kisha hukaa juu yake mpaka litulie.